Kicheko Ndicho Hukatwa Kwanza

Ukungu ulioshuka Makambako mwaka ule haukuwa wa kawaida. Ulikuwa mzito hivi kwamba Mama Atu, mwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, kule Bondeni, alitundika taulo zake juu ya ukungu wenyewe asubuhi, na jioni akazikuta hazijaanguka. Anayebisha akamuulize. Sola za mapaani, zinazolisha simu, zilifumba macho wiki nzima, zikayafumba na wiki iliyofuata. Watu wakaoga maji ya baridi kwa kuwa simu zimekataa kuyapasha. Wengine walifungua milango yao kwa bega, maana simu iliyokuwa ufunguo imezima mfukoni.

Simu moja tu haikujua njaa: ya Mzee Nolasko Kaduma, aliyestaafu kuonja chai kiwandani. Yeye alifika kilabuni amekoga maji ya moto, uso unang'aa, simu inang'aa kuliko uso, na akiulizwa siri yake alisema anailaza kwenye chungu cha maziwa mgando ikielekea upande wa Njombe. Watu walijua ni uongo, lakini chaji waliiona kwa macho.

Basi wakaanza kumletea simu zao. Nolasko alijifunika blanketi la mistari, kichwa na mikono, kama mtu anayejifukiza, na simu ya mgonjwa ikiwa ndani. Huko alinong'ona maneno ya Kibena aliyoyatunga mwenyewe. Alipunguza mwangaza wa kioo, akazima mtikisiko, akafunga programu zilizokuwa zikijiendesha chinichini bila kazi. Hayo yote hata wewe unaweza kuyafanya sasa hivi bila blanketi. Lakini kulikuwa na jambo moja la mwisho, ndani kabisa ya mipangilio, ukurasa ambao mtu haufikii ila kidole kikiteleza. Pameandikwa neno moja, Ujirani, na kando yake kuna kiswichi cha kijani. Ukikizima, simu inanenepa. Chini ya kiswichi palikuwa na maelezo kwa maandishi madogo. Nolasko hakuyasoma. Miwani alikuwa nayo mfukoni.

Alasiri moja kilabu kilijaa. Nolasko alikuwa amefika mahali patamu pa hadithi ya ngedere aliyeajiriwa kiwandani kuonja chai.

"Meneja akamwita ofisini. Akamwambia, 'Ndugu Ngedere, kuanzia Jumatatu wewe ndiye msimamizi wa Kaduma.' Na nawaambia kweli, jamani, sijapata bosi kama yule. Nikitaka kuondoka mapema, ndizi moja tu, ameshanisainia."

Kilabu kikalipuka. Mama Atu aliangusha kata yake ndani ya ndoo. Nolasko hakuwatazama hao. Alimgeukia Yeronimo Mtewele, kama alivyomgeukia kila mara, kusubiri kicheko chake.

Yeronimo alikuwa mwimba besi wa kwaya tangu ujana, hadi ugonjwa ulipomla koo. Hospitali walilitoa, wakamvisha koo jingine: mkanda mweusi wa shingoni, unaosema kwa sauti yake mwenyewe iliyookotwa kwenye kanda za zamani za kwaya, na unaokula chaji ya simu yake. Kicheko chake kilikuwa kile kile cha kutikisa vikombe mezani. Nolasko angeweza kuwachekesha watu mia, lakini hadithi haikuwa hadithi mpaka Yeronimo acheke.

"Ndiyo," lilisema koo.

"Ndiyo nini?"

Yeronimo alimtazama. "Ndiyo."

Nolasko alihisi uso unamwaka. Akageukia wenzake. "Jamani, mwenzetu Jumamosi anamuaga binti! Wakwe wanatoka Iringa na magari yao. Kicheko anawawekea wao. Sisi wa Bondeni tunapewa ndiyo, kama tuko polisi tunaandikisha maelezo!"

Hapo walicheka kuliko walivyomcheka ngedere. Yeronimo akafungua kinywa. Koo likatoa mlio mdogo, kama bawaba ya kabati. Akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Kikombe chake kilibaki kimejaa, povu likizama polepole.

"Mwacheni," akasema Nolasko. "Ukwe umempanda kichwani."

*

Kesho yake asubuhi mke wa Yeronimo, Mama Enesia, alibisha hodi kwa Nolasko. Alibeba parachichi kwenye kitenge.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Karibu ndani, nje kuna baridi."

"Sikai," akasema Mama Enesia, akakaa. Akafungua mkoba, akaweka mezani simu ya mumewe na ule mkanda mweusi, taratibu, kama mtu anayeweka meno ya bandia ya mzazi wake.

"Amekubali kuuvua?"

"Hakusema kitu. Atasemaje?" Akajifuta pua. "Shemeji, linamkata. Kwanza lilikata kicheko, tukadhani ana huzuni ya mtoto kuondoka. Likaja likakata kuimba. Kisha majina, akawa ananiita kwa kugonga meza. Juzi zikaenda salamu. Sasa imebaki ndiyo na hapana, na jua likielekea kuzama hata hapana haipo."

"Hata hapana?"

"Nikimuuliza anataka uji, ndiyo. Nimemuuliza anataka kufa, ndiyo." Akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kitenge, na hakikuwa kicheko tena.

Nolasko aliangalia pembeni.

"Jumamosi watamuuliza mbele ya watu kama anamtoa binti," aliendelea Mama Enesia. "Na mila unavyoijua, baba hasemi ndiyo akanyamaza. Anamwita binti kwa jina, anamtaja na bibi aliyemrithi jina, ndipo anamtemea mate ya baraka. Kwa mdomo wake. Asipoweza, anasimama mdogo wake."

"Kizito? Yule anayetoa hotuba hata kwenye foleni ya maji?"

"Huyo huyo. Suti ameshaipiga pasi. Na Enesia naye kaapa kwamba akiitwa na Kizito hainuki mkekani. Hao wakwe watarudi Iringa na aibu yetu." Akamsogezea simu. "Nimeona ulivyoziponya za wengine. Ingia kwenye blanketi lako, shemeji."

Nolasko akaingia. Safari hii hakunong'ona chochote. Alipekua mipangilio ya koo, akakuta kiokoa chaji chake kinavyopanga. Kicheko ndicho hukatwa kwanza, kwa sababu ndicho kizito kuliko vyote. Neno, koo hulichukua kwenye kanda likalitamka, lakini vicheko viwili havifanani, kwa hiyo kila mara linapaswa kukifuma kimoja upya, na kufuma kunakula chaji. Baada ya kicheko hukatwa wimbo. Koo halikuwa bovu. Lilikuwa linabana matumizi, kama mama wa nyumba anayepunguza mboga ili watoto wasilale njaa.

Akateremka hadi ukurasa wa mwisho. Akavaa miwani.

"Ujirani," yalisema yale maandishi madogo. "Simu yenye ziada huigawia kwa njia ya hewa simu ya karibu iliyopungukiwa. Ukizima, simu yako haitatoa wala kupokea. Zima ukiwa safarini tu."

Kwenye simu ya Yeronimo, Ujirani haukuwahi kuzimwa. Chini yake kulikuwa na mchoro wa kilichopokelewa kutoka kwa majirani, vijiti vimesimama kama mahindi shambani. Mwanzo wa msimu vilikuwa virefu. Kisha vikaanza kufupika kwa hatua, na Nolasko aliijua kila hatua. Hapa ni siku aliyomtibia Mama Atu. Pale ni Jumapili waliyompangia foleni wanakwaya wote nje ya kanisa. Na mwanzo kabisa, kijiti cha kwanza kuinama, ni siku ambayo kidole chake mwenyewe kiliteleza.

Nyumba ya Yeronimo ilikuwa chini kabisa ya Bondeni, kwenye kivuli cha ukingo na miti ya mikaratusi, na paa lake halikupata jua hata kiangazi. Simu hizi hazina tundu la waya. Zinakula cha paani kwako, na cha jirani. Sauti yote ile ya besi, miaka yote, ilikuwa ya kuchangiwa na mtaa, na hakuna aliyejua kwamba anachanga.

"Shemeji, umelala humo?"

Nolasko akatoa kichwa. Aliuona uso wa Mama Enesia umeinuka kumsubiri, akatamka neno la kwanza lililomjia.

"Betri imechoka. Imezeeka tu. Ni mambo ya betri."

"Basi si kosa la mtu."

"Si kosa la mtu."

Mama Enesia akafunga mkoba. Akampangia parachichi mezani, moja moja, zile zilizoiva akiziweka mbele. "Hizi usizikawize," akasema. "Na asante, shemeji. Angalau umetazama."

Nolasko hakuzigusa. Zililala pale mpaka zikawa nyeusi.

*

Alifanya kwanza kile ambacho kingefanywa na mwoga yeyote: aliwasha Ujirani kwenye simu yake peke yake, akashuka hadi kwa Yeronimo bila kumwambia mtu. Alimkuta amekaa uani kwenye kigoda, mkanda umerudi shingoni, taa yake ndogo nyekundu ikipepesa.

"Kamwene," akasema Nolasko.

Yeronimo akainua kidole tu.

Nolasko akaketi karibu naye kwenye gogo, simu ikiwa mfuko wa kifuani. Ukungu ulipita kati ya miti. Baada ya muda taa ya mkanda ikaacha kupepesa, ikatulia, ikageuka njano hafifu.

"Nolasko," akasema Yeronimo.

Wote wawili walishtuka. Yeronimo alijishika shingo. Akalirudia jina lile kama mtu anayeonja mchuzi. "Nolasko. Ngedere."

"Achana na ngedere, bwana."

"Nilicheka." Akajigonga kifua. "Humu. Nilicheka."

Nolasko alitaka ardhi ifunguke. Ile kauli ya kilabuni, ya wakwe na polisi, ilimrudia masikioni na vicheko vyake vyote. Akafungua kinywa aseme. "Yeronimo, ile siku mimi..." Lakini mwenzake alikuwa anamtazama kwa furaha tupu, ya mtu aliyetembelewa, na sentensi akaiacha hapo.

Taa ikaanza kupepesa tena. Simu ya Nolasko, iliyokuwa imeshiba asubuhi, ilikuwa imebaki tupu kama kibuyu. Chaji ya mtu mmoja, yote, ilikuwa imetosha majina mawili na maneno mawili.

*

Kilichobaki ni ujanja, na ujanja hakuwahi kukosa. Ijumaa mchana alisimama kilabuni na blanketi lake begani, akatangaza kwamba dawa ya simu huchacha, na kwamba wote waliotibiwa wazilete ziongezewe makali. Mpango wake ulikuwa kuwasha kila kiswichi kimya kimya. Yeronimo angesema, Enesia angeolewa, na hakuna ambaye angejua kitu.

"Yangu uiache," akasema Mama Atu. "Haijapata kuwa na afya namna hii. Mtu mzima akipona unampeleka tena sindano?"

"Ni kwa faida yenu!"

"Faida tunayo. Kaa unywe."

Hakuna aliyempa. Alikuwa amewaponya vizuri mno.

Jumamosi ukungu uliingia hadi ndani ya turubai. Wakwe walikaa upande mmoja na mashuka yao mapya, Bondeni wote upande wa pili. Yeronimo alikuwa mbele, amevaa koti la kwaya, na taa ya shingoni kwake ilikuwa nyekundu. Enesia aliketi kwenye mkeka akiwa amejifunika khanga, ila macho yameachwa nje, na macho hayo hayakumtoka baba yake. Mshenga wa Iringa akasimama.

"Baba, tumekuja, tumepokelewa, tumekula. Sasa tunaomba kusikia kwa kinywa chako. Binti huyu unatupa?"

Yeronimo akafungua kinywa. Koo likatoa ule mlio wa bawaba. Nyuma yake suti ilimeta: Kizito alikuwa ameshainuka, anakohoa kusafisha njia, karatasi mkononi.

"Ngojeni," akasema Nolasko.

Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Ngedere! Tupe ile ya ngedere!"

"Si ya ngedere. Sauti ya Yeronimo, mimi ndiye niliyeichukua."

Turubai likacheka.

"Nimeiiba, nikawagawia ninyi. Mnayo mifukoni. Niliwawekea chini ya blanketi."

Mama Atu alijipiga paja. "Leo kaja na mpya!" Wakwe, walioambiwa tangu asubuhi kwamba mtaa huu una mzee mcheshi, wakacheka kwa heshima. Nolasko akapandisha sauti. Akaeleza kiswichi, akaeleza vijiti, akaeleza gogo la uani na majina mawili. Kila alipokaza kusema kweli ndivyo walivyozidi kushika mbavu, na aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana mmoja aliyemleta bibi yake atibiwe simu. Maisha yake yote Nolasko alikuwa ametamani kuchekwa namna ile. Sasa kila kicheko kilimtua usoni kama kofi. Mtu mmoja tu hakucheka. Yeronimo alikuwa amegeuza shingo, anamtazama, na ile furaha ya uani ilikuwa inamtoka usoni kidogo kidogo.

Nolasko akaacha kusema. Akamwendea Mama Atu.

"Toa simu. Ingia kwenye mipangilio. Sitaigusa, ingia mwenyewe. Teremka. Teremka tena. Hapo. Soma kwa sauti."

"Simu yenye ziada," akasoma Mama Atu huku bado akijifuta machozi ya kicheko, "huigawia kwa njia ya hewa simu ya karibu..." Sauti yake ikashuka katikati ya sentensi. Akamalizia kwa kunong'ona. Akamtazama Yeronimo, akatazama taa nyekundu, akatazama kiswichi chake, ambacho hakikuwa cha kijani.

Vicheko vikafa benchi moja baada ya jingine. Pakasikika vidole tu juu ya vioo, turubai zima.

"Na wewe ulijua?" akauliza Mama Atu.

"Miwani nilikuwa nayo mfukoni," akasema Nolasko.

Mmoja akakibonyeza kiswichi chake, na mwingine, na mwingine. Kila mtu aliiona chaji yake ikiteremka mkononi, kama ulanzi unaomiminwa kikombe cha mgeni. Taa ya shingoni kwa Yeronimo ikaacha uwekundu. Ikawa njano. Sauti ikarudi kwa njia ile ile iliyoondokea, ila kinyumenyume.

"Ndiyo," akasema Yeronimo. Akangoja. "Hapana." Akatikisa kichwa mwenyewe. "Kamwene, wageni wetu." Akainama mbele. "Enesia."

Binti aliziba uso kwa khanga.

"Enesia, jina la mama yangu, aliyelima peke yake huku akiimba ili nguruwe pori wadhani ni watu wengi. Nakutoa. Nenda ukaimbe." Akamtemea mate kidogo kwenye utosi, akamshika kichwa kwa mikono miwili, na kutoka chini kabisa ya koo lile ikaja besi, mstari mmoja wa wimbo wa kwaya, na vigelegele vikaufunika.

Kizito alikaa na hotuba yake. Husemekana aliisoma baadaye, yote, mbele ya magari ya wakwe.

Nolasko alikuwa ameshaondoka. Alikuwa nyuma ya jiko, anasugua masufuria pamoja na kina mama, ambao walimsogezea majivu bila kumsemesha. Ndipo alipokisikia kutoka kwenye turubai kicheko chenyewe, kinene, cha kutikisa vikombe. Hakujua kimechekeshwa na nini. Akaendelea kusugua.

*

Jua lilirudi, taulo za Mama Atu zikaanguka matopeni. Nolasko alikaa muda bila kufika kilabuni, na alipofika alichagua benchi la mwisho karibu na mlango. Blanketi aliliacha nyumbani.

Yeronimo aliingia, akaangaza, akaja moja kwa moja kwake.

"Kamwene, Nolasko."

"Kamwene."

Akavuta kigoda, akaketi ubavuni kwake kama zamani. Akamjazia kikombe. Wakazungumza viazi, wakazungumza barua aliyotuma Enesia, wakazungumza bei ya mabati ya sola. Yeronimo hakumnyima neno. Aliuliza hata habari za mgongo.

"Mzee Nolasko," akaita Mama Atu kutoka kwenye ndoo zake, kwa sauti ya mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. "Hamna kitu leo?"

Nolasko alikuwa nayo. Ilikuwa ya yule ngedere, siku alipostaafu, hotuba aliyoitoa, na zawadi waliyomkabidhi. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuzisema, na aliisema taratibu, bila kujitapa, akiyatua maneno kama mtu anayeshusha mayai. Wengine walianza kucheka kwa shingo upande, kisha wakacheka kweli. Kata ya Mama Atu ikazama tena ndooni.

Nolasko akamgeukia Yeronimo, akasubiri.

Akaitazama taa ya mkanda. Ilikuwa ya kijani, imeshiba kabisa, haipepesi.

"Ndiyo," akasema Yeronimo.